Herufi Sita, Bei Hiyo? Majibu kwa Wenye Boti Kuhusu Kuandika Namba

Kuna mteja wetu ameandika kwenye kundi la WhatsApp la wenye boti kwamba karakana yetu ya hapa Kunduchi "imempiga". Kwa maneno yake, ameletewa hesabu ya shilingi 250,000 kwa kuandikiwa namba ya usajili, ilhali kijana wa ufukweni angemchorea kwa 30,000 na soda juu. Si wa kwanza kusema hivyo. Maneno hayo tunayasikia kila boti zinapopandishwa, kwa hiyo nimeona heri nijibu mara moja hapa, na atakayeuliza tena nitamtumia ukurasa huu.

Nianze na boti yake yeye, kwa kuwa ndiyo iliyoleta maneno. Ni mashua ya mbao ya mita 13, na kwa miaka nenda rudi imekuwa ikipakwa sifa. Mwenye kuijua sifa anajua kazi yake: mafuta yale ya ini la papa yanaingia ndani ya ubao na kukaa humo humo. Ukipaka rangi juu yake, siku ile inang'aa na tajiri, yaani mwenye boti, anapiga picha. Baada ya wiki chache inatoka malengelenge, ukiigusa kwa ukucha inabanduka kama ganda la yai lililochemshwa. Sisi tulikwangua mpaka ubao ukaonyesha rangi yake, tukaosha kwa tina, kile kimiminika cha kuyeyushia rangi, na matambara mpaka tambara likawa linatoka kavu, tukaliachia jua nalo lifanye kazi yake, tukapiga msasa. Zikafuata koti mbili za praima, rangi ya kwanza ya kushikiza, kisha rangi nyeusi ya chini, na herufi nyeupe zikaja mwisho kabisa. Katika siku zote tulizokuwa na mashua ile, kuandika namba yenyewe kulichukua asubuhi moja. Hiyo asubuhi ndiyo aliyoiona yeye alipopita, akahesabu herufi, akaona ameibiwa.

Ukubwa wa herufi nao hatukuutoa kichwani. Mwaka 1989 Kamati ya Uvuvi ya FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ilipitisha viwango vya kuweka alama za utambulisho kwenye vyombo vya uvuvi, na mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1995 unaohusu samaki wanaohamahama, jodari na wenzake, ukavitaja viwango hivyo kwa jina. Ubavuni mwa boti isiyofika mita 5, herufi ziwe na urefu usiopungua sentimita 10. Kuanzia mita 5 mpaka kabla ya 12 ni sentimita 30. Kuanzia 12 mpaka kabla ya 15 ni 40, kuanzia 15 mpaka kabla ya 20 ni 60, kuanzia 20 mpaka kabla ya 25 ni 80. Chombo cha mita 25 kwenda juu kinabeba herufi za mita nzima. Mashua ya mita 13 basi imo kwenye sentimita 40. Unene wa mstari wa herufi ni moja ya sita ya urefu wake, yaani karibu sentimita 7. Nafasi kati ya herufi na herufi isizidi robo ya urefu na isipungue moja ya sita, na rangi ya chini nayo izidi herufi pande zote kwa moja ya sita hiyo hiyo. Piga hesabu: alama ya herufi na tarakimu sita inakula karibu mita mbili za ubavu. Halafu uende upande wa pili ukaanze upya, maana ni pande zote mbili.

Kijana wa 30,000 hapimi. Anaanza kushoto na herufi kubwa za kutamba, akifika katikati anagundua nafasi inaisha, tarakimu mbili za mwisho anazibana kwenye kona. Ukiwa umesimama karibu unaisoma vizuri tu. Lakini anayetakiwa kuisoma hasimami karibu. Yuko kwenye boti ya doria inayorukaruka juu ya mawimbi ya kusi, ana darubini mkononi, na namba ambayo hakuisoma kwake ni sawa na namba ambayo haipo.

Kuhusu rangi tunabishana na watu mpaka tunachoka. Kiwango ni nyeupe juu ya nyeusi au nyeusi juu ya nyeupe, basi. Mmoja anataka nyekundu kwa ajili ya Simba, mwingine anatuletea kijani na njano yake. Tunawaambia sote tuna timu zetu: rangi ya timu ipake kwenye kibanda au kwenye omo, mbele ya boti, tena tutakupakia kwa bei nzuri, lakini namba usiiguse. Na mwandiko uwe wa herufi za kusimama, zisizo na mikia wala vivuli. Ile mikia ndiyo inayofanya 1 ionekane I, na sifuri ikasomwa O.

Jina la boti ni kisa kingine. Huku kwetu jina lina heshima yake, na mtu anataka maneno yake ya "Usinionee Wivu" yaanzie omo yafike tezi, nyuma kabisa. Sawa. Ila namba ikibakiziwa nafasi ya chini karibu na tundu la pampu ya maji, ndani ya mwezi mmoja imeshapakwa mchirizi wa oili na maji ya samaki, na nusu yake haionekani. Viwango vyenyewe vinasema alama ikae juu mbali na maji, ikae mbali na matundu ya kutolea maji, isiandikwe pale ubavu unapojikunja kuelekea omo au tezi, na isifunikwe na zana wakati wowote, ziwe kazini au zimewekwa. Hilo la zana ndilo linalowaponza watu wa ringneti, ule wavu mkubwa wa kuzungushia samaki. Tulikuwa na mteja aliyekataa kata kata tusogeze namba mbele, akataka iwe pale pale ilipokuwa zamani. Nyavu zake zikirundikwa zinaning'inia ubavuni, na namba inalala chini yake. Doria wakamsimamisha, hawakuona kitu, wakamwambia afuate nyuma. Zilikuwa siku za giza, mwezi haupo, dagaa wako juu, na wenzake usiku ule walipakia mpaka alfajiri. Yeye alikuwa amekaa ufukweni anaonyesha makaratasi. Aliporudi kwetu kusogeza namba hakuuliza bei.

Sasa niseme la stika, kwa kuwa ndiyo njia ya mkato inayopendwa siku hizi. Mtu anakwenda Kariakoo, anakatiwa namba kwenye stika, anabandika mwenyewe Jumapili. Mimi si adui wa stika. Kwenye paa la kibanda cha nahodha, pasiposuguliwa na kitu, stika nzuri inayoakisi mwanga inafanya kazi, na hata FAO wanairuhusu. Ubavuni ni hadithi nyingine. Kule nyavu zinapanda na kushuka, boti zinagongana zikiwa zimefungwa pamoja, jua linapiga, chumvi inaingia kwenye kingo. Herufi ya kwanza kubanduka ndiyo inayokubadilishia namba, na boti yenye namba isiyolingana na cheti inatiliwa shaka kuliko boti isiyo na namba kabisa. Mwenye boti mmoja wa faiba alikuja na 8 iliyobaki nusu, inasomeka 3 bila ubishi wowote. Afisa alimuuliza boti nyingine ameificha wapi.

Faiba mpya pia ina siri yake. Ikitoka kwenye moldi huwa na nta juu, haionekani kwa macho, na rangi haishiki juu ya nta, wala gundi ya stika. Ifute kwanza kwa tina, ndipo upige msasa. Ukianza na msasa unaisugua nta iingie kwenye mikwaruzo, na hapo umejiongezea kazi mara mbili. Tumerudia boti nyingi za faiba zilizokwisha kupakwa na wengine, na karibu zote shida ilikuwa hiyo. Kurudia ni ghali kuliko kuanza, kwa sababu inabidi tuondoe kwanza kilichopakwa vibaya, na hicho hulipiwi na aliyekipaka.

Boti ya mkononi ina gharama nyingine inayowashangaza watu. Namba ya mwenye zamani ikifunikwa kwa koti moja tu ya rangi, baada ya jua la miezi michache inarudi kama kivuli. Unakuwa na namba mbili ubavu mmoja, moja ya leo na moja ya marehemu. Sisi tunaikwangua yote, mpaka alama za brashi.

Ikiwa una mitumbwi ya taa au dinghi inayobebwa na boti kubwa, nayo inabeba alama ile ile ya mama yake. Chombo kilichofunikwa juu kiandikwe pia sehemu ya bapa inayoonekana kutoka angani, herufi za sentimita 30 kwa chombo cha kuanzia mita 5. Namba hiyo inalazwa kutoka ubavu hadi ubavu, na vichwa vya herufi vinatazama omo. Wengi huiandika ikifuata urefu wa boti kwa sababu paa lina nafasi zaidi upande huo. Turubai likifunika paa, turubai nalo liandikwe.

Ni namba gani hasa inayoandikwa, hilo si letu kuamua, wala si lako. Kwa boti za wilayani ni ile iliyo kwenye cheti, na afisa uvuvi ndiye mwenye neno la mwisho, hata akitaka herufi kubwa kuliko nilizotaja. Vyombo vikubwa vyenye redio hutumia alama ya mwito wa redio: kwa Tanzania inaanza na 5H au 5I, kwa jirani zetu wa Kenya ni 5Y au 5Z. Vinavyokwenda bahari kuu huwa pia na namba ya IMO, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Baharini, tarakimu saba zisizobadilika chombo kikibadili jina, bendera au tajiri. Faida yake mnaikumbuka kwenye ile meli ya uvuvi haramu STS-50, iliyowahi kuitwa Andrey Dolgov na Sea Breeze 1. Ilitoroka bandari ya Maputo mwaka 2018, ikakamatwa na Indonesia mwezi Aprili mwaka huo huo. Jina linafutwa kwa kopo moja la rangi, namba ya IMO inabaki ile ile.

Namba ya IMO tunaipima kabla ya kufungua kopo. Zidisha tarakimu ya kwanza kwa 7, ya pili kwa 6, ya tatu kwa 5, hivyo hivyo mpaka ya sita kwa 2, kisha jumlisha. Tarakimu ya mwisho ya jumla lazima ifanane na tarakimu ya saba ya namba. Chukua 8123456 kwa mfano: 56, 6, 10, 12, 12 na 10, jumla 106, mwisho 6, inakubali. Ukigeuza ikawa 8132456, jumla inakuwa 107, inakataa. Kuna wakala alitutumia namba kwa simu, akasisitiza tuandike haraka kwa kuwa meli inaondoka na maji. Tukapiga hesabu, ikakataa. Alikasirika, akatuita wachawi, kisha akarudi kuangalia cheti na kukuta amegeuza tarakimu mbili. Hatukumtoza hiyo hesabu, na kwenye risiti haimo.

Kuna kazi tunayoikataa hata ukiweka mara tatu ya bei: kuandika namba ya boti moja kwenye boti mbili. "Fundi, leseni ni ya familia," mtu anasema, "ndugu yangu na mimi ni kitu kimoja." Ndugu yako sawa, boti zenu si moja. Wanaokwenda dago, yaani kupiga kambi ya uvuvi ugenini, wanalijua hili vizuri kuliko wote. Ukifika ugenini, Mafia au kuvuka mpaka wa Kenya hadi Shimoni, watu wa ufukwe hawakujui wewe wala baba yako. Wanasoma ubavu wa boti, wanatazama karatasi, wanaamua kama utalala pale au utarudi. Siku pacha wa boti yako akikamatwa na kokoro, ule wavu wa kukokota uliokatazwa, jina litakaloandikwa ni lako.

Anayetaka kuja kwetu msimu huu, aje na cheti chenyewe cha usajili. Ile picha ya simu iliyokatwa pembeni haitusaidii, tumeshaona tarakimu zikibaki nje ya picha. Pandisha boti na bamvua, maji yanapojaa sana, ili tupate siku za kutosha kabla maji makubwa hayajarudi, na masika usije na kazi ya nje kwa kuwa hatupaki kwenye unyevu, hata ukitubembeleza. Ukitaka bei ishuke, kwangua na uoshe boti mwenyewe, tutakupunguzia 80,000. Lakini kabla ya praima tunapitisha kitambaa cheupe chenye tina juu ya ubao mbele yako. Kikitoka na mafuta, utaosha tena, au tutaosha sisi kwa bei iliyobandikwa ukutani kwetu.