Barua kwa Rehema: watoto wawili na mzee mmoja

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata na nimeisoma mara mbili. Nyumba imejaa kweli: mtoto wa mbwa jike wa wiki 9, paka dume wa miezi 3, na mbwa wenu Bobi aliyetimiza miaka 11. Nakujibu kwa mpangilio wa wasiwasi wako.

Umeuliza kwa nini daktari anamtaka mtoto wa mbwa arudi tena na tena ilhali chanjo ameshachomwa. Daktari ana haki. Mtoto anapozaliwa, katika saa 24 za mwanzo hunyonya yale maziwa mazito ya kwanza na kupata humo kinga ya kuazima kwa mama yake. Kinga hiyo humlinda, lakini pia huizima chanjo kabla mwili wake haujajifunza chochote. Itaisha lini? Kwa mmoja wiki ya 8, kwa ndugu yake wa tumbo moja wiki ya 14, na kwa kumtazama tu huwezi kujua. Ndiyo maana tunachoma kila baada ya wiki 3 au 4, na sindano ya mwisho ya mfululizo huo haitangulii wiki ya 16. Watu wengi hukwama hapo: wanaishia wiki ya 12, wanaamini mbwa amekingwa, kisha parvo, ugonjwa wa kirusi unaoshambulia utumbo, inamkuta na kuhara damu. Atachomwa tena akiwa na miezi 6 hadi 12, halafu chanjo za distempa (ugonjwa wa kirusi wa mapafu na ubongo), parvo na homa ya ini zitarudiwa kila miaka 3. Ya leptospirosisi, ugonjwa unaoenezwa na mkojo wa panya na wanyama wengine, ni ya kila mwaka. Ya kichaa cha mbwa anaipata kuanzia wiki ya 12, anarudia baada ya mwaka, na kuanzia hapo fuata sheria ya mahali ulipo. Paka naye ana mfululizo wake wa namna hiyohiyo. Magonjwa tu ndiyo tofauti.

Umesema katika kibanda mlichomwekea mtoto wa mbwa alikuwamo mbwa aliyekufa kwa kuhara damu. Mhamishe leo. Kirusi cha parvo hukaa kwenye udongo miezi mingi, na sabuni ya kawaida haikiui. Sugua uchafu wote kwanza, kwa maana klorini ikikutana na kinyesi hupoteza nguvu. Baada ya hapo mwagia klorini ya kufulia, sehemu 1 kwa sehemu 30 za maji, iache dakika 10, ndipo usuuze. Sakafu ya udongo haisafishiki hivyo. Hapo asikanyage mpaka amalize chanjo.

Lakini usimfungie ndani kabisa. Kati ya wiki ya 3 na ya 14 ndipo mbwa anapojifunza kipi cha kuogopa na kipi cha kuzoea. Mbebe mkononi, asikie pikipiki, aone watoto na watu wenye kofia. Kila siku mshike masikio, mfungue mdomo, mguse kucha moja moja. Akizoea sasa, hutahitaji watu watatu wa kumshikilia atakapokuwa na kilo 30.

Minyoo usiisubiri ionekane. Minyoo ya duara humwingia mtoto wa mbwa akiwa bado tumboni, na paka huipata kwenye maziwa. Dawa ni kila wiki 2 mpaka wiki ya 8, kisha kila mwezi mpaka miezi 6, halafu angalau kila miezi 3. Mpime kabla ya kila dozi, kwa sababu katika umri huu uzito wa wiki iliyopita si wa leo. Kinyesi kizoe kila siku. Mayai ya minyoo hiyo huhitaji wiki kadhaa nje kabla ya kuweza kuambukiza, na wanao wanacheza uani.

Kuhusu chakula, paka asile cha mbwa. Akipita na kuonja, hakuna neno, lakini kisiwe ndicho mlo wake: paka hawezi kujitengenezea taurini, kirutubisho kilichomo kwenye nyama, ya kutosha, na akiikosa kwa muda mrefu macho hupofuka na moyo hulegea. Mtoto wa mbwa mpe chakula cha wanaokua, mara 3 kwa siku hadi miezi 6, kisha mara 2. Ule unga wa kalisi uliouziwa, kama chakula chake ni kamili, uache. Kalisi ikizidi kwa mbwa wa umbo kubwa, mifupa hukua vibaya, na kosa hilo halirekebishiki kirahisi.

Kipimo cha unene kiko mkononi mwako. Kunja ngumi upapase vifundo vyako: hivyo ndivyo zinavyosikika mbavu za mbwa aliyekonda. Nyoosha kiganja upapase mgongo wa mkono: hivyo ndivyo inavyotakiwa. Geuza upapase mnofu ulio chini ya kidole gumba. Mbavu zikijificha hivyo, amenenepa.

Sasa paka, na hapa nakusihi. Dawa ya viroboto ya mbwa usimpake kamwe. Nyingi zina permethrini, sumu ya wadudu ambayo mbwa huivumilia na paka humtia kifafa. Kumgawia matone machache hakuifanyi salama. Parasetamo ni hivyohivyo: ini la paka haliwezi kuivunja, na hata kipande cha kidonge kinaweza kumuua. Fizi hugeuka rangi ya udongo, uso na nyayo huvimba. Yale maua ya yungiyungi uliyoweka mezani yatoe nyumbani. Chavua aliyoilamba kwenye manyoya inatosha kuharibu figo. Kwa mbwa, ficha chokoleti, zabibu mbichi na kavu, vitunguu vya aina zote, na peremende zisizo na sukari.

Dume huyu mhasi kabla ya miezi 5. Na maisha yake yote, ukimwona anaingia kwenye mchanga wake mara kwa mara, anachuchumaa, analia, na hakitoki kitu au yanatoka matone, usidhani amefunga choo. Mara nyingi njia ya mkojo imeziba. Sumu na potasiamu hupanda damuni, na moyo unaweza kusimama ndani ya siku moja au mbili. Huyo haingojei asubuhi.

Mtoto wa mbwa naye atahitaji kutolewa kizazi. Kama atakuwa mkubwa wa mwili, muulize daktari kama asubiri mifupa ikomae. Mbwa jike asiyetolewa, wiki 2 hadi 8 baada ya joto (siku zake za kutaka dume), anaweza kujaa usaha kwenye kizazi: anakunywa maji sana, hali chakula, tumbo linajaa, na wakati mwingine hakuna uchafu wowote unaotoka nje.

Nimalizie na Bobi. Umeandika kwamba “ni uzee tu, anaamka polepole na bakuli la maji linaisha haraka.” Uzee si ugonjwa, Rehema, na hayo ni mambo mawili tofauti. Kuamka polepole huenda ni viungo vinauma. Mtandikie mkeka pale sakafu inapoteleza, mkate kucha, mpunguze uzito kama mbavu hazisikiki. Dawa ya maumivu itoke kwa daktari wake. Ibuprofeni na diklofenaki, dawa za maumivu za watu, zinatoboa tumbo la mbwa na kuua figo.

Maji tuyapime. Asubuhi jaza bakuli kwa jagi lenye alama, andika ulichomimina na kila unachoongeza, kesho yake saa ileile toa kilichobaki. Fanya siku 3, na paka anyweshwe chumba kingine. Bobi ana kilo 20. Akipita lita 2 kwa siku, kuna tatizo, liwe la figo, kisukari au tezi. Usimnyime maji kwa sababu anakojoa ndani. Usiku akilala fofofo, hesabu pumzi kwa dakika nzima, zisizidi 30. Umri wake unataka daktari kila miezi 6, na siku hiyo mchukulie mkojo wa asubuhi kwenye chupa safi.

Niandikie hesabu za siku hizo 3, idadi ya pumzi, na tarehe zilizo kwenye kadi ya chanjo.

Wako akupendaye,
Zuhura