Barua kwa mwanangu: mtoto anapolia jioni nzima

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa sauti nimeupata, na nyuma ya maneno yako nimemsikia mjukuu wangu. Umeniuliza ni dawa gani ya asili mumpe. Nitakujibu, ila ujue mapema kwamba sehemu kubwa ya jibu si kitu cha kumnywesha. Ni mikono yenu, na hasa mikono yako wewe baba, maana mama yake kazi ya kunyonyesha inamtosha.

Kwa ulivyonieleza, mtoto ana wiki 5, ananyonya vizuri, uzito unapanda, mchana ametulia. Ikifika saa 12 jioni anaanza: magoti yanapanda tumboni, ngumi zinakazwa, tumbo linakuwa gumu, anajambajamba, analia hadi saa 3 usiku na habembelezeki. Hilo ni chango, msokoto wa tumbo kama wengine wanavyouita. Miaka niliyofanya kazi kliniki ya watoto nimewaona wengi wa namna hiyo, wanaonyonya na wanaotumia chupa, wa kike kwa wa kiume, kifungua mimba na kitinda mimba. Daktari mmoja wa Marekani, Morris Wessel, aliweka mwaka 1954 kipimo ambacho bado kinatajwa: mtoto mwenye afya njema anayelia zaidi ya saa 3 kwa siku, zaidi ya siku 3 kwa wiki, kwa zaidi ya wiki 3. Mwaka 1962 mwenzake, T. Berry Brazelton, aliandika habari za watoto 80 wasio na ugonjwa wowote. Kilio chao kilipanda hadi wiki ya 6, kikafika wastani wa karibu saa 2 na dakika 45 kwa siku, kisha kikaanza kushuka. Wakati wao mkubwa ulikuwa jioni.

Kwa hiyo mko karibu na kilele. Wiki ijayo inaweza kuwa ngumu kuliko hii, na ikiwa hivyo usidhani mnachomfanyia kinamdhuru. Watoto wengi huacha wenyewe wakifika miezi 3 au 4.

Hakuna aliyethibitisha chanzo kimoja. Gesi inalaumiwa sana, lakini mtoto anayelia anameza hewa, hivyo mara nyingi gesi unayoisikia imeingia wakati wa kilio chenyewe. Mwambie mkeo maneno haya kwa sauti, tena urudie: maziwa yako hayana kosa. Atakuwa ameshaambiwa na watu watatu wanne kwamba maziwa ni mepesi, au yamechacha kifuani, au kuna kitu amekula. Asianze kujinyima chakula kwa maneno ya wapita njia. Akila vizuri na akanywa maji ya kutosha, inatosha. Kama kuna dalili za mzio wa maziwa ya ng'ombe, kama choo chenye damu au makamasi, au ngozi iliyojaa ukurutu, hapo daktari ndiye atakayesema aache nini na kwa muda gani.

Sasa mikono. Mbebe kabla hajaanza kulia. Watu wengi humchukua mtoto akishalia, akinyamaza wanamrudisha kitandani. Huko Montreal, Hunziker na Barr walichapisha mwaka 1986 utafiti ambamo mama waliombwa kuwabeba watoto wao saa za ziada kila siku, hata wakiwa wametulia. Walipofika wiki ya 6, watoto hao walilia pungufu kwa asilimia 43 kuliko wenzao. Nikwambie pia upande wa pili: ulipojaribiwa ubebaji huo kwa watoto ambao chango lilikwisha kuwashika, haukupunguza kilio hivyo. Bado nakusihi umbebe, kwa sababu nimeona mtoto aliyebebwa akilia kwa namna nyingine, mwili wake hausisimki sana, na anatulia upesi. Na mtu anayekwambia utamdekeza, msikilize kwa heshima kisha endelea kubeba. Mtoto wa wiki 5 hadekezwi.

Ule mkao wa kulalia mkono jifunze leo hii akiwa ametulia. Mlaze kifudifudi juu ya mkono wako wa kushoto, kichwa kikae karibu na kunjo la kiwiko, shavu moja likigusa mkono na pua ikiwa wazi kabisa. Miguu yake ining'inie pande mbili za kiganja chako. Kiganja kiingie katikati ya mapaja na vidole vishike paja moja kwa nguvu, asiteleze. Mkono wa kulia uwe mgongoni mwake. Tumbo lake lote sasa limelalia mfupa wako wa mkono, na ule mgandamizo wa joto ndio anaoutaka. Kisha tembea. Usitingishe, usirukeruke, tembea tu kwa mwendo wa kawaida, bila kusimamasimama. Akisinzia katika mkao huo usimwache alale hivyo mahali popote. Kulala ni chali, juu ya godoro gumu lisilo na mito.

Kuhusu kumlaza, najua kinachowavunja moyo: kanyamaza, umemshusha, macho haya hapa. Watafiti wa Japani walilipima jambo hilo wakalichapisha mwaka 2022. Ushauri wao ni kutembea naye dakika 5 mfululizo, akishalala ukae naye kwenye kiti dakika 5 hadi 8 nyingine, ndipo umlaze. Mapigo ya moyo ya mtoto yanashtuka pale anapoanza kutengana na mwili wako, na akiwa usingizini kwa dakika hizo chache ana nafasi kubwa ya kutoamka. Wewe mwenye haraka tangu utotoni, hizo dakika 8 za kukaa ndizo utakazoziona ndefu. Kaa.

Tumbo mkande kati ya kunyonya na kunyonya, si akiwa ameshiba na si katikati ya kilio kikali. Pasha viganja joto kwa kuvisugua. Anzia chini kulia kwa mtoto, panda hadi karibu na mbavu, vuka juu ya kitovu, shuka upande wake wa kushoto. Ndiyo njia choo na hewa vinavyopita ndani ya utumbo mpana. Kitovu kama hakijapona vizuri, usikiguse. Ukimaliza shika miguu yake, sukuma magoti taratibu hadi tumboni, uyashikilie kidogo, uachie, kama anaendesha baiskeli. Akijamba mpongeze.

Wakati wa kunyonya, mkeo ahakikishe mdomo umefunguka sana na umechukua sehemu kubwa ya eneo jeusi la titi, si chuchu peke yake, maana mtoto aliyeshika vibaya anameza hewa. Amalize titi moja kabla ya kupewa la pili. Wewe upokee, umcheulishe akiwa wima begani.

Kuogeshwa kwa maji ya uvuguvugu jioni huwasaidia baadhi yao, wengine huchukia kuvuliwa nguo. Sauti ya feni, au mvua iliyorekodiwa kwenye simu, nayo hutuliza, ila iwe chini na simu iwe mbali, kama mita 2, si sikioni. Kumzungushia kitambaa chepesi sawa, mradi nyonga na magoti vibaki huru, alale chali, na kitambaa mkiache kabisa siku atakapoonyesha dalili ya kutaka kujigeuza. Punguzeni taa na wageni kuanzia saa 11. Hilo la wageni nitalisema mimi kama nyinyi mnaona haya.

Nafika kwenye dawa. Asali hapana, hata tone kwenye kidole, hadi atimize mwaka 1. Inaweza kubeba vijidudu vya sumu inayolegeza misuli na kumzuia mtoto kupumua. Maji hapana kabla ya miezi 6. Chai ya shamari na mimea mingine, najua watu wanaamini, na yapo majaribio madogo yaliyoonyesha nafuu, lakini kipimo cha nyumbani hakina uhakika, na kila kijiko cha chai kinachukua nafasi ya maziwa. Kitu cha asili si lazima kiwe salama kwa figo na ini la mtoto wa wiki 5. Ile dawa ya maji iitwayo graipu wota ilianzia Uingereza mwaka 1851, na kwa miaka mingi ilikuwa na pombe ndani yake. Sishangai watoto walilala. Za sasa nyingi hazina pombe, ila sina sababu ya kukushauri ununue. Matone ya kuvunja gesi yamepimwa, hayakuonekana kushinda maji matupu. Bakteria wazuri aina ya Lactobacillus reuteri wamepunguza kilio kwa watoto wanaonyonya katika majaribio kadhaa, basi hiyo ndiyo moja ninayoona inafaa kumuuliza daktari wenu.

Kuna jambo nalitamka waziwazi kwa sababu nakupenda. Utakuja usiku ambao kilio kitakupandisha hasira ambayo hukujua unayo. Hasira hiyo huwajia wazazi wema. Ikija, mlaze mtoto chali kitandani mwake, funga mlango, nenda nje dakika 5 hadi 10, vuta pumzi, nipigie. Kulia peke yake dakika hizo hakutamuumiza. Kumtikisa kwa sekunde chache kunaweza kupasua mishipa ya ubongo wake, akafa au akapofuka. Mwambie mkeo naye ana ruhusa hiyo hiyo. Na ukiona analia hata mtoto akiwa amelala, hali, hana raha na chochote, mpeleke kwa daktari. Huo nao ni ugonjwa unaotibika.

Msisubiri asubuhi mkiona joto la nyuzi 38 au zaidi, matapishi ya kijani, damu kwenye choo, utosi uliovimba, uvimbe kwenye kinena, kulegea, kukataa kunyonya, au kilio kilichobadilika kikawa dhaifu au chembamba cha ajabu. Akilia ghafla kwa namna isiyo yake, mvueni nguo zote mkague vidole vya mikono na miguu. Unywele mmoja ukijizungusha kwenye kidole unaweza kuzuia damu isifike kwenye kidole hicho.

Andika kwenye daftari saa anazoanza na anazonyamaza, siku 3 zinatosha, mwende nalo kliniki. Mimi nafika Ijumaa. Zamu ya saa 12 hadi saa 3 ni yangu, nanyi mtakula na kulala. Kabla sijafika, fanya mazoezi ya ule mkao wa mkono mara kadhaa ukiwa umekaa, kisha ndipo usimame naye.

Mama yako