Shukrani kwa dada wa kitenge cha njano, kituoni Magomeni

Ilikuwa Aprili 2024, barabara ya Jangwani imefungwa kwa mafuriko. Dada, jina lako sikuuliza. Nisamehe.

Mwanangu ana miaka saba na ana pumu. Tangu maji yaingie chumbani kwetu kuta zilishika ukungu, na kila wingu likitanda anauliza, “Mama, maji yanarudi?” Asubuhi ile hofu ilimpanda, kifua kikabana, akawa anatoa mluzi kama birika. Inhela, kile kikopo cha kupuliza dawa ya pumu, ninayo, ila kwa kutetemeka kwangu dawa iliishia ulimini.

Ulimwaga maji yako ya nusu lita, ukaazima kisu cha muuza machungwa, ukatoboa kitako cha chupa tundu la kubana mdomo wa inhela. Ukaitikisa inhela, ukaichomeka tunduni, ukamwekea mtoto shingo ya chupa mdomoni, ukabonyeza mara moja tu. “Vuta, toa, taratibu.” Ukamhesabia pumzi sita, ukasubiri, ukarudia. Waliotuzunguka ukawasogeza. (Na yule konda aliyetuharakisha, ulimjibu sawasawa.)

Alipotulia hukumwambia aache kuogopa. Ulimwuliza, “Maji yakija, mnakimbilia wapi?” Hakujua. Hata mimi sikujua. Sasa tunajua: kwa bibi yake Kimara, na mfuko wa dawa unaning’inia mlangoni.

Zahanati tulienda baadaye, nesi akaisifu chupa yako. Wenye watoto wa pumu, ombeni muonyeshwe namna ya kuitengeneza. Yetu mtoto ameichora jua kwa kalamu ya wino.