Kabla hujapaka rangi hilo tela, lala chini uchungulie

Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua. Huku kwetu Arusha nawaona watu wananunua yale matela ya kambi, vile vijumba vya magurudumu walivyokua wanalala mafundi wa barabara, vimetelekezwa miaka vinanyeshewa na kupigwa jua, wanavikarabati wanahamia. Wapo wanaocheka eti hilo ni banda la kuku. Mi na mama watoto tunaishi humo na mambo ya kodi ya miezi sita sita tumeshayasahau, acha wacheke.

Ila hela watu wanaanzia pabaya. Mtu akinunua tu anakimbilia rangi, jipsam na pazia, anapiga picha anarusha status, masika ikiingia ndo anajua alichonunua. Tela linaoza juu na chini, kuta zinabaki zinaonekana nzima mpaka dakika ya mwisho. La kwetu lilikua na kadoa ka kahawia tu pembeni ya dirisha, fundi akachomeka bisibisi sakafuni usawa wa hapo ikazama mpaka kwenye mpini, plaiwudi yote uji! Maji yalikua yanapenya kwenye mshono wa paa, yanashuka ndani kwa ndani ukutani, yanakuja kutuama chini. Kwa hiyo ukibadilisha sakafu ukaacha paa umetupa hela. Silikoni ya zamani ya kuzibia mishono ya paa kwangua yote maana mpya haishiki juu yake, ribiti zilizolegea toa weka zingine, alafu mtu apande na mpira wa maji amwage kweli kweli na mwingine awe ndani na tochi aone panapovuja. Hapo ndo ushuke kwenye chesisi, kutu ikwanguliwe, palipoliwa pachomelewe, na tela likae juu ya tofali kwa pima maji, likiinama hata mlango haufungi.

Umeme sasa, hapo jamani tusileteane ujanja. Nyumba nzima ni bati, waya ukichubuka sehemu moja ukagusa bodi ya tela basi mlango, ngazi, kila kitu kina umeme, na mtoto ndo anatoka kuoga miguu peku. Waya za zamani ng'oa zote, weka mpya za mm² 2.5 kwenye soketi na mm² 1.5 kwenye taa, ethi rodi (ile fimbo ya kupeleka umeme unaovuja ardhini) izame chini na bodi na chesisi vifungwe humo, na fundi awe na leseni ya EWURA, mamlaka ya nishati na maji, sio jirani anayejuajua.

Na hii baridi yetu ya Juni na Julai, jiko la mkaa lisilale ndani hata kama limebaki majivu. Chumba chenyewe kadogo, umeziba kila tundu, ile hewa ya mkaa haina harufu, mnalala hamuamki. Acheni kidirisha wazi, hata lile jasho la bati asubuhi linapungua.

La mwisho ni kwa wakubwa wa jiji. Ukiuliza kibali ofisi hii unaambiwa hilo ni gari, ofisi ya pili wanasema ni jengo, wakati kwenye LUKU, ule umeme wa kulipia kabla, kodi ya jengo tunakatwa kila mwezi kama wenye ghorofa vile (sawa, wao wanakatwa zaidi). Wabandike basi hata karatasi moja kwenye ofisi za kata, kibali kinatakiwa au hakitakiwi, na shimo la choo likae umbali gani.

Msomaji wenu,
Muriet, Arusha