Barua ya wazi kwa Ofisa Misitu: tuachieni hata gogo moja lioze

Ndugu Ofisa Misitu,

Shikamoo. Nakuamkia kwa cheo, maana kwa umri nadhani wewe ndiye ungeniamkia. Hii ni barua ya tatu. Zile mbili nilizipeleka mwenyewe kwa bodaboda kutoka Old Moshi, huku mlimani Kilimanjaro, karani akanigongea muhuri wa kupokea. Muhuri ninao. Majibu sina.

Jumanne alfajiri nilisikia msumeno wa moto ukilia juu ya mfongo, mfereji wetu wa maji. Nilipofika, vijana sita walikuwa wanapakia lori. Gogo la mruka lililoanguka kwenye mvua za 2019 lilikuwa limeshakuwa vipande kumi na vinne. Nilivihesabu kwa kukosa la kufanya. Msimamizi wao akanionyesha karatasi kwa mbali, akasema kibali kimetoka ofisini kwako na kazi inaitwa kusafisha msitu.

Kusafisha! Kwani msitu ni sebule?

Nikueleze gogo lile lilikuwa nini, kwa sababu sidhani kama umewahi kuchuchumaa mbele yake. Masika, mgongoni lilitoa uyoga mamama kwa mafungu, wa rangi ya majivu, kingo zimejikunja kidogo. Chini kwenye unyevu kulikuwa na ule wa kahawia unaotetemeka ukiugusa, mlaini kama ndewe ya sikio la mtoto. Ubavuni kulikuwa na ule mgumu wa kama rafu, usiong'oka bila panga. Na ukibandua gome, nyuzi nyeupe zimetanda kila mahali, zinanuka kama udongo ulionyeshewa sasa hivi. Nyuzi hizo ndizo kuvu yenyewe. Uyoga ni tunda lake tu. Mimi ninayechuma naiacha kuvu palepale. Anayebeba gogo amebeba shamba zima.

Mwaka jana banda langu la uyoga liliingiliwa na ukungu wa kijani. Mifuko yote ya majani ya migomba nikaitupa, na mbegu nilikuwa nimezinunua kwa mkopo wa kikundi. Binti yangu alirudishwa nyumbani kwa ada. Gogo lile ndilo lililonivusha: mvua ikikatika tu napanda na kikapu, kesho yake niko soko la Mbuyuni. Sasa niambie msimu ujao nipande kwenda wapi.

Mwezi wa pili ulikuja mwenyewe kwenye mkutano wetu. Ulikaa kiti cha plastiki chini ya mparachichi, ukala mtori wetu, ukaahidi kwamba mti ukianguka ndani ya msitu hautaguswa. Tulipiga makofi. Mimi nilipiga mpaka viganja vikauma, na leo ndivyo vinavyoniuma zaidi.

Mama akitoka na mzigo wa kuni kavu siku isiyo ya kuni, anasimamishwa na panga linachukuliwa. Lori halina siku. Ukanda wa Nusu Maili, kipande hiki cha msitu kilicho jirani na vijiji vyetu, ulitengwa mwaka 1941 ili watu wa mlimani wapate kuni zao bila kuingia ndani zaidi, nasi tumeridhika na matawi. Hakuna anayejitwika gogo kichwani. Vipande vile vimekwenda wapi, ushahidi sina. Ila matanuru ya matofali huko chini yanawaka usiku na mchana, na macho ninayo.

Labda umeambiwa gogo bovu linaleta magonjwa. Ipo kuvu inayoua miti hai, sikatai. Lakini iliyo nyingi kwenye gogo kavu inakula kilichokwisha kufa. Ule ugumu unaousimamisha mti, lignini, ni kuvu inayoweza kuuvunja kuliko kiumbe kingine chochote. Bila kuvu rutuba ingebaki imefungiwa ndani ya magogo, na udongo ungekosa ule weusi unaoshika maji ya mifongo yetu. Nyingine hukaa mizizini, inaulisha mti maji na madini, nao unailipa sukari. Paina zilipoletwa Afrika kutoka ng'ambo, miche ilidumaa hadi ulipoletwa udongo wenye kuvu yake. Wewe umesomea misitu, haya ulifundishwa kabla yangu.

Mwaka 2016 ilitangazwa kwamba mti mrefu kuliko yote Afrika uko kwenye bonde la mlima huu huu, mita 81.5. Mti tunaupima hadi nukta, wakati kuvu iliyo chini yake haijawahi kutajwa kwenye mkutano wowote niliohudhuria. Duniani zimepewa majina aina kama 150,000 tu, na wataalamu wanakadiria zipo kati ya milioni 2.2 na 3.8. Huenda mojawapo isiyo na jina iliondoka na lori la Jumanne.

Nilikuwa nimeandika madai matano: kibali kisomwe hadharani, lori litajwe, fidia, na mengine. Nimeyafuta, maana najua yatalala na barua zangu. Limebaki gogo moja, la pili kutoka kwenye kijito, wameshalipaka alama nyekundu. Nakuomba hilo. Mtume mtu akaifute ile rangi kabla ya Jumanne ijayo.

Wako,
Mama Uyoga, Old Moshi

Nakala: mezani kwako, juu ya zile mbili.