Dawa za sonona haziongezi maji tangini

Ndugu Mhariri,

Makala za afya magazetini hurudia kusema kwamba dawa za sonona "huongeza serotonini", mojawapo ya kemikali za neva, ubongoni, kama mtu anavyojaza tangi. Tunaomba maelezo hayo yarekebishwe. Mgonjwa akiyasoma hutegemea nafuu siku ya pili, na asipoiona anaacha dawa.

Neva huzungumza na jirani yake kwa kumwaga kemikali kwenye upenyo mwembamba ulio kati yao. Zamani ilidhaniwa kuwa kemikali hiyo, ikishafikisha ujumbe, huvunjwa na vimeng'enya tu. Lakini Julius Axelrod, mtafiti wa Bethesda, Marekani, aliona kwamba hata vimeng'enya vikizuiwa, kazi ya noradrenalini, mojawapo ya kemikali hizo, hukoma upesi vilevile. Sasa inakwenda wapi?

Yeye na wenzake waliwadunga paka noradrenalini iliyotiwa hidrojeni yenye mionzi, wapate kuifuatilia. Kabla ya hapo walikuwa wameondoa fundo la neva la shingoni, upande mmoja tu, wakasubiri nyuzi zake zife. Kusubiri huko ni lazima, maana ncha za neva iliyokatwa leo bado zinafyonza kemikali. Matokeo: tezi ya mate ya upande ambao haukukatwa ilibeba mionzi tele, ya upande wa pili ilikuwa na kidogo sana. Kumbe neva yenyewe huirudisha kemikali yake ndani, ikaitumia tena. Mwaka 1961 walionyesha pia kuwa imipramini, dawa ya sonona, huziba njia hiyo ya kemikali kurudi ndani ya neva. Axelrod alishiriki Tuzo ya Nobel ya 1970.

Amitriptilini na fluoksetini, dawa nyingine za sonona, hufanya kazi kwa njia hiyohiyo: hazileti serotonini wala noradrenalini mpya, zinaziba mlango wa kurudi ndani ili iliyomwagwa ikae zaidi kwenye upenyo. Mlango huanza kuzibwa ndani ya saa chache, ila nafuu huchukua kwa kawaida wiki 2 hadi 4, pengine zaidi, kwa kuwa neva zinahitaji muda kujirekebisha. Kinachotangulia ni maudhi: kichefuchefu kwa fluoksetini, usingizi na kukauka mdomo kwa amitriptilini. Hapo ndipo wengi wanapotupa vidonge, wiki ya kwanza. Makala yoyote inayotaja dawa hizi iandike wiki hizo waziwazi, na imwambie msomaji arudi kwa daktari kabla ya kuacha.