Barua kwa Mjomba aliyestaafu: asubuhi ni yako

Shikamoo Mjomba,

Ofisi umekabidhi, sherehe ya kuagwa imepita, na sasa simu inaita kutwa. "Mjomba, si uko nyumbani tu?" Hilo "tu" ndilo lililonifanya nikuandikie hadharani, maana wastaafu wengi wanaambiwa hivyohivyo. Ukiwa kazini, ratiba ya ofisi ilikukinga. Sasa kila mwenye shida anaiona siku yako kama kiwanja kisicho na mwenyewe. Usipokiwekea mipaka, afya yako itapata nafasi ya mwisho.

Naomba saa kumi na mbili hadi saa nne asubuhi ziwe za mwili wako. Mwenye harusi, mwenye kesi ya kiwanja, mwenye mtoto wa kupeleka shule, wote waje baada ya hapo.

Kitu cha kwanza ni kupima presha, kabla ya dawa, chai na matembezi. Nenda haja ndogo kwanza, kwani kibofu kikijaa namba hupanda. Kaa kwenye kiti chenye egemeo, nyayo zote mbili sakafuni, usikunje nne. Tulia dakika tano kamili. Mkono uulaze juu ya meza, mkanda wa mashine uwe usawa wa moyo, ukingo wake wa chini upande vidole viwili juu ya kiwiko. Funga kwenye ngozi, si juu ya shati. Usiongee, hata mjukuu akiuliza yuko wapi bibi. Pima, subiri dakika moja, pima tena, andika namba zote mbili pamoja na saa. Jioni rudia. Fanya hivyo siku saba mfululizo kabla ya kila kliniki. Daktari ataiacha siku ya kwanza na kutafuta wastani wa zinazobaki, na wastani huo utamwambia mengi kuliko kipimo kimoja ulichochukuliwa ukiwa umetoka kwenye daladala na kukaa foleni.

Kwa vipimo vya nyumbani, wastani wa 135/85 na kuendelea ni presha ya juu, hata kama wewe hujisikii chochote. Ukikuta 180/120 au zaidi, tulia dakika tano urudie. Ikibaki hapohapo na kifua kinauma, pumzi inakata, mdomo umepinda, upande mmoja umekufa ganzi au macho yanaona ukungu, hiyo ni hospitali saa ileile, na kwa gari, si bodaboda. Ikibaki juu bila dalili hizo, bado muone daktari siku hiyo.

Kuhusu dawa, kosa linaloumiza watu wengi ni moja: presha imeshuka, mtu anaacha vidonge. Mjomba, imeshuka kwa sababu ya vidonge. Kama umepewa dawa ya kukojoza, kwa kawaida hunywewa asubuhi, la sivyo utaamka usiku mara tatu, na hapo ndipo watu huanguka njiani kwenda chooni. Ukiamka, kaa kwanza ukingoni mwa kitanda kama dakika moja, kwa sababu dawa za presha zinaweza kuleta kizunguzungu ukisimama ghafla. Na goti likiuma usikimbilie diklofenaki ya duka la dawa. Inaweza kupandisha presha na kuumiza figo, hasa ukiichanganya na baadhi ya dawa za presha. Mwambie muuza dawa unachotumia kabla hajafungua kabati. Vidonge vikibaki vya siku saba, nenda kachukue vingine. Usingoje kimoja.

Ukishapima na kunywa dawa, toka utembee. Dakika 15 kuelekea Bigwa, hapo Morogoro, kisha ugeuze, siku tano kwa wiki, zinakupa zile dakika 150 zinazoshauriwa. Mwendo uwe wa kukuruhusu kuongea lakini usikuruhusu kuimba. Vaa viatu vinavyofungwa. Kandambili zinakulazimisha kubana vidole na kuburuta nyayo, nawe utajikwaa.

Shughuli za mjini zikusanye siku mbili za wiki. Epuka benki siku za mwisho wa mwezi. Soko la Chifu Kingalu nenda saa nne, kabla jua halijakaza. Hospitalini ulizia dirisha la wazee, kwani umeshatimiza miaka 60 na ni haki yako. Tarehe ya uhakiki wa PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, iandike mapema, kwa sababu asiyehakikiwa anaweza kusitishiwa pensheni. Na yeyote atakayepiga simu akidai anatoka kwenye mfuko, akataka namba ya siri au "ada kidogo ya kufungua faili", kata simu. Namba yake itume 15040. Kisha piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA.

Sasa la ndugu, na hapa nazungumza kwa heshima. Kiinua mgongo kina harufu, kila mtu anakinusa. Tenga kiasi maalumu cha michango kila mwezi, kiandike, na kikiisha sema, "Fungu la mwezi huu limekwisha, nitafute mwezi ujao." Hujakataa mtu, umetaja tarehe. Wajukuu wapokee kwa siku zilizokubaliwa na wazazi wao, na wazazi walete chakula chao. Banda la kuku wa nyama elfu moja, ambalo kila mtu atakushauri, lisubiri miezi sita. Anza na mia moja ujue chakula kinakula faida kiasi gani na ugonjwa ukiingia unafanya nini.

Marafiki usiwaache wapotee na kazi. Bao la jioni lina thamani ya dawa kwangu, mradi usikae kwa saa nne mfululizo bila kuinuka. Wale wa Dar, treni ya SGR iliyoanza Juni 2024 inakuruhusu kwenda asubuhi na kurudi jioni. Beba vidonge mfukoni, si kwenye begi la juu.

Nunua kaunta buku moja, ukurasa wa kushoto presha na dawa, wa kulia shughuli na michango. Mashine ya presha usinunue kwanza. Iwe ya mkono wa juu, si ya kifundo cha mkono, na mkanda wake lazima ulingane na unene wa mkono wako, kwani ukikubana sana unasoma juu kuliko ukweli. Jumamosi nakuja na futi kamba, tupime unene wa mkono katikati ya bega na kiwiko, tulinganishe na namba zilizochapwa kwenye mkanda kabla hujatoa hata shilingi.